Kiboko, Kofia Yake na Koti Lake

Aliyenisimulia jambo hili kwanza ni Dakta Edita Kihwele, mpangaji wa vyumba vya mbele hapa uani kwetu. Si daktari wa sindano. Anafundisha chuo kikuu, na kazi yake, kama alivyonieleza, ni kuchunguza namna watu wanavyosali, namna wanavyopima, na namna wakubwa wanavyoyatumia yote mawili wakitaka kitu. Alinisimulia tukimenya njegere, naye akala nusu ya zile alizomenya. Yeye alitumia maneno marefu. Mimi nimeyakata yawe mafupi, ili na watoto wa jirani wanaokuja kukaa mkekani wayaelewe.

Haya. Ngano jamani, ngano!

— Ilete, mkeka uko wazi!

Ina uongo ndani yake!

— Lete, tutauchuja wenyewe!

Na ukweli je?

— Tutaumeza, hata ukiwa wa moto!

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na mwaka wa jua. Jua likapanda, jua likashuka, mvua hakuna. Jua likapanda, jua likashuka, mvua hakuna. Vijito vikawa mchanga. Visima vikawa mashimo. Majani yakawa kama karatasi. Katika nchi yote ya wanyama wadogo likabaki dimbwi moja tu, chini ya kilima cha mawe. Maji yake hayakuwa mengi, lakini yaliwatosha wote, kila mmoja akinywa kwa adabu.

Siku moja wakasikia ardhi inatikisika. Tii! Tii! Tii!

Alikuwa Kiboko. Ametoka mto mkubwa, mwendo wa siku nzima. Huko mtoni maji yalikuwepo, lakini viboko walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa mkubwa. Huyu alitaka kuwa mkubwa peke yake. Akaliona dimbwi. Hakubisha hodi, hakusalimia. Chubwiii! Akaingia mzima mzima. Maji yakaruka, vyura wakaruka, na matope yakampiga Kanga usoni.

"Karibu, Mheshimiwa," wakasema wanyama, kwa kuwa walilelewa vizuri.

"Nimeshakaribia," akasema Kiboko. "Sasa tokeni."

Siku ya kwanza aliwafukuza kwa meno. Lakini wanyama wadogo ni wengi. Akiwafukuza huku, wananywa kule. Akiwafukuza kule, wananywa huku. Jioni alikuwa amechoka hoi, na wao wamekunywa wote. Akaona meno peke yake hayatoshi.

Sasa, kwenye matete ya dimbwi hilo palikuwa na vitu viwili vilivyosahauliwa na binadamu. Kimoja kilikuwa kofia, ya watu waliopita wakisali. Cha pili kilikuwa koti jeupe, la watu waliopita wakipima udongo. Kiboko akaiona kofia, akaivaa. Ilimkaa katikati ya masikio kama kisoda. Akatoka majini, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya puani:

"Nimeoteshwaaa! Nimeoteshwaaa! Maji haya yana laana. Atakayeyanywa, masikio yake yatadondoka, pu, pu!"

Kanga aliposikia akaanguka chini miguu juu. "Chee-chee-chee! Masikio yangu!" Kanga alikuwa mcha Mungu sana, tena hana masikio ya kuonekana, lakini hata hayo kidogo aliyapenda. Nusu ya wanyama wakarudi nyuma.

Nusu ya pili hawakurudi. Mkubwa wao alikuwa Nungunungu, aliyependa vipimo. Akatikisa miiba, cha-cha-cha, akasema, "Ndoto? Hata mimi jana niliota ninaruka. Nataka kipimo."

Kiboko akaingia kwenye matete. Shwa, shwa, shwa. Akatoka amevaa koti jeupe. Lilimfunika bega moja na robo ya shingo. Akakohoa kama mtu aliyesoma.

"Nimepimaaa," akasema. "Katika kila tone mna wadudu elfu saba na kumi na mmoja. Atakayeyanywa, tumbo lake litapasuka, paa!"

"Hapo sasa!" akasema Nungunungu. "Elfu saba na kumi na mmoja. Hiyo ndiyo lugha." Naye akarudi nyuma pamoja na wenzake.

Basi Kiboko akitaka kusema na kina Kanga, anavaa kofia. Akitaka kusema na kina Nungunungu, anavaa koti. Akitaka kunywa, anavua vyote. Dimbwi likawa la nani?

— La Kiboko!

Mngedhani wanyama wataulizana. Waliulizana, ndiyo, lakini siyo habari za maji. Kila siku saa kumi walikusanyika barazani, kina Kanga upande huu, kina Nungunungu upande ule.

"Ninyi hamna imani!" kina Kanga wakasema.

"Ninyi hamna akili!" kina Nungunungu wakasema.

"Bila Kofia mngekuwa wapi?"

"Bila Koti mngekuwa wapi?"

"Mwenzenu mmoja hata kusali hajui!"

"Mwenzenu mmoja hata kuhesabu vidole hajui!"

"Mimi nina kucha!" akajibu Kanga, ambaye ndiye aliyesemwa.

Wakabishana mpaka ndimi zikanata. Walitofautiana katika kila jambo isipokuwa moja: hakuna aliyekunywa. Na Kiboko alikuwa akiwasikiliza kutoka majini, anacheka mho-ho-ho-ho, anakunywa gu, gu, gu.

Juu ya kile kilima cha mawe aliishi Pimbi. Pimbi ni mdogo kama paka, na hana hata mkia wa kujivunia. Lakini alikuwa amesoma kuliko wote, mpaka wakamwita Dakta. Kasoro yake ilikuwa moja. Ukimwuliza, "Dakta, kesho mvua itanyesha?" anasema, "Inategemea." Ukimwuliza, "Dakta, umeshakula?" anasema, "Inategemea kula ni nini." Kwa hiyo watu walimheshimu sana na hawakumwuliza kitu.

Siku ya tisa ya ukame huo wa Kiboko, Mama Digidigi alipanda kilimani, ka, ka, ka, kwa vikwato vyake vidogo. Mgongoni alikuwa na mwanawe, Kidigi. Kidigi alikuwa halii tena. Mama yeyote anajua kwamba mtoto akilia ni shida, na akinyamaza ni shida zaidi.

"Hodi, Dakta."

"Karibu, Mama Kidigi."

"Sikai. Mtoto wangu anakauka. Majani nilikuwa namtafunia, sasa majani yenyewe hayana maji. Tangu jana hajakojoa. Kofia imesema nisimnyweshe. Koti limesema nisimnyweshe. Wewe umesoma. Niambie neno moja tu. Nimnyweshe au nisimnyweshe?"

Pimbi akakuna sikio. "Inategemea..."

"Inategemea nini, Dakta?"

"Kuna mitazamo miwili, Mama Kidigi. Wa kwanza..."

"Mwanangu hana muda wa mitazamo miwili!" Mama Digidigi, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti tangu azaliwe, alipiga kwato chini. "Hana hata muda wa mmoja!"

Akamshusha mtoto, akamwonyesha. Ulimi wa Kidigi ulikuwa mkavu kama kipande cha gome. Pimbi akautazama. Akaona aibu mpaka manyoya yakamlala.

"Nipe mpaka kesho saa sita," akasema.

Alimpa umande wote aliokuwa ameukinga kwenye kijiwe chenye shimo, vijiko viwili tu. Kidigi akaulamba. Haukumtosha, lakini alifumbua macho. Mama yake akateremka, na Pimbi akakaa akifikiri. Akafikiri: Kofia nimemwona. Koti nimemwona. Sijawahi kuwaona wawili hao pamoja. Je, nani amewahi?

(Hapa Dakta Edita alitaka kunieleza mambo matatu ya kando, yale yanayoandikwa chini ya ukurasa. Nikamsogezea njegere, akaendelea.)

Pimbi akashuka dimbwini. Kiboko alikuwa amevaa kofia, maana kina Kanga walikuwa wamepita punde.

"Shikamoo, Mzee Kofia."

"Marahaba. Unataka nini, kapaka?"

"Sitaki kitu. Nimeona uchungu tu. Huko barazani wanasema Koti amekuzidi."

"Nani amesema?"

"Watu. Wanasema Koti ana maneno, Kofia ana mafua tu, ndiyo maana unasemea puani."

Kiboko akavimba. "Mimi? Nizidiwe na kile kitambaa?"

"Ndivyo wanavyosema. Kwaheri, Mzee."

Pimbi akazunguka dimbwi polepole, akatokea upande wa pili. Wakati huo Nungunungu alikuwa akija, na Kiboko alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Shikamoo, Mtaalamu Koti."

"Marahaba. Sema upesi, ninapima."

"Nimeona uchungu tu. Huko barazani wanasema Kofia amekuzidi."

"Nani amesema?"

"Watu. Wanasema Kofia anajua yaliyofichika, wewe unajua kuhesabu tu, na baada ya elfu saba na kumi na mmoja ulichoka."

Kiboko akavimba zaidi. "Mimi? Nizidiwe na kile kisoda?"

"Ndivyo wanavyosema. Kama ningekuwa mimi, ningempandisha juu ya Jiwe."

Hapo inabidi niwaeleze. Nchi hiyo ilikuwa na desturi. Wawili wakibishana sana, wanapanda juu ya Jiwe la Maneno, jiwe pana lililoko kilimani, mbele ya nyumba ya Pimbi. Wakipanda, kila swali la mwenzako lazima ulijibu, hata likiuma. Na hakuna kushuka mpaka mmoja aseme kwa sauti: "Nimekubali, mwenzangu amesema kweli." Anayeshuka kabla, watu humcheka yeye, na watoto wake, na wajukuu wake, mpaka wasahau wanacheka nini.

"Nitampandisha!" akasema Koti. Kisha akaingia kwenye matete, shwa, shwa, akatoka amevaa kofia. "Nitampandisha!" akasema Kofia.

"Wote mmekubali," akasema Pimbi. "Kesho saa nne asubuhi."

Kesho yake watu wakajaa kilimani. Kina Kanga huku, kina Nungunungu kule, na Mama Digidigi mbele kabisa na mwanawe mgongoni, amenyamaza, kichwa kimelala. Kiboko akapanda. Tii! Tii! Tii! Kofia kichwani, koti kwapani. Hata hapo hakuna aliyeshangaa. Kina Kanga walimwona Kofia aliyebeba mzigo. Kina Nungunungu walimwona Koti aliyepata mbebaji.

"Anza, Mzee Kofia," akasema Pimbi. "Mwulize Koti swali lililo zito kuliko yote. Ukimwonea huruma, umeshindwa."

Kiboko hakuwa mtu wa huruma. Akafumba macho, akaimba puani:

"Ewe Kotiii! Unasema maji yana wadudu, anayekunywa anapasuka. Mbona Kiboko anayanywa asubuhi, anayanywa mchana, anayanywa jioni, na tumbo lake halijapasuka?"

"Eeeee!" wakasema wanyama.

"Chee-chee-chee!" akapiga kelele Kanga. "Mjibu! Mjibu!"

Kiboko akavua kofia, pwata! Akavaa koti, shwa! Akasimama. Jasho likamtoka. Swali lilikuwa zito kweli, maana aliyeliuliza alikuwa hodari. Lakini angewezaje kushindwa na kisoda?

"Swali la kitoto," akasema. "Wadudu hufa kwa moto. Maji yakichemshwa mpaka yatokote, wadudu kwisha. Tumbo la Kiboko lina moto wa ajabu, basi yanachemkia humo humo."

"Eeeee!" wakasema wanyama.

Nungunungu akachomoa mwiba mmoja, akaandika mchangani: *Yakichemshwa, wadudu kwisha.*

"Sasa zamu yangu," akasema Koti. "Ewe Kofia! Unasema maji yana laana, anayekunywa anadondoka masikio. Mbona Kiboko analala humo siku ya kumi leo, na masikio yake yapo, yote mawili, tena yanatikisika?"

"Cha-cha-cha!" wakashangilia kina Nungunungu. "Mjibu! Mjibu!"

Kiboko akavua koti, shwa! Akavaa kofia, pwata! Akasimama. Jua lilikuwa limefika juu, na lile jiwe lilikuwa limeanza kupata moto kama kikaango. Pimbi alikuwa amejilaza juu yake kama mtu aliyelala kitandani, maana mapimbi wote hupenda jiwe la moto. Kiboko alikuwa anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Lakini angewezaje kushindwa na kitambaa?

"Maskini Koti," akasema puani. "Hujui kitu. Laana ya maji huondoka kwa dua. Dua fupi tu, hata kifaranga anaijua: *Tunashukuru kwa maji haya.* Kiboko huisema moyoni kila anapopiga mbizi."

"Eeeee!" wakasema wanyama.

"Kifaranga wangu anaijua!" Kanga akaruka juu. "Huisema hata kabla ya kula kumbikumbi!"

Mama Digidigi alikuwa anatazama maandishi mchangani, anamtazama Kanga, anatazama maandishi.

"Samahani," akasema polepole, kwa sauti ndogo. "Mimi sikusoma sana. Lakini... mtu akiyachemsha, na akaomba dua fupi?"

Watu wote wakageuka. Hawakumtazama Kofia, hawakumtazama Koti. Walimtazama Pimbi.

"Dakta?" akasema Mama Digidigi. "Nimnyweshe au nisimnyweshe?"

Pimbi akafumbua mdomo. Kila mtu alijua neno linalokuja. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Pimbi akafumba mdomo, akalimeza, akafumbua tena.

"Kimbia," akasema.

Mama Digidigi akakimbia! Ka-ka-ka-ka-ka! Kanga akakimbia, chee-chee-chee! Nungunungu akakimbia, cha-cha-cha! Mwenye chungu akabeba chungu, mwenye kuni akabeba kuni, na waliokuwa wanaitana hamna imani na hamna akili wakawa wanakanyagana visigino.

"Mnakwenda wapi?" akanguruma Kiboko. "Sijashinda bado!"

"Endelea, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Mimi nasikiliza. Kofia amemwita Koti maskini. Koti ananyamaza?"

"Koti hanyamazi!" Pwata! Shwa! "Wewe Kofia, hata shule hukwenda!"

"Loo," akasema Pimbi. "Kofia atalala na hilo?"

"Kofia halali nalo!" Shwa! Pwata! "Wewe Koti, huna hata vifungo!"

"Loo," akasema Pimbi. "Vifungo vimeguswa."

Basi Kiboko akajitukana. Akavaa akavua, akavaa akavua. Jua likampiga mgongoni mpaka ngozi ikakakamaa, kisha ikaanza kutoka jasho jekundu, tone, tone, tone. Miguu inaungua, mgongo unaungua. Ndipo upepo ukaleta harufu ya moshi.

"Pimbi," akasema. "Wananywa?"

"Nani anauliza? Kofia au Koti?"

"Mimi! Mimi Kiboko!"

"Samahani, Mheshimiwa. Kiboko hayumo katika wasemaji wa leo."

"Nataka kushuka!"

"Shuka. Mmoja aseme tu kwamba amekubali. Akikubali Kofia, Koti ndiye mkubwa. Akikubali Koti, Kofia ndiye mkubwa. Chagua."

Kiboko akaitazama kofia. Akalitazama koti. Akachagua kofia, akaona wivu kwa ajili ya koti. Akachagua koti, akaona wivu kwa ajili ya kofia. Nyayo zikafuka moshi. Mwishowe akavitupa vyote viwili chini na kupiga yowe:

"Mimi Kiboko nimekubali! Nimekubali kila kitu!"

Tii-tii-tii-tii! Akateremka kilima kama gogo lililokatwa kamba. Na huko dimbwini aliwakuta wamepanga foleni. Chungu kilikuwa mekoni kinatokota, bwata-bwata-bwata. Yaliyochemka yamepoa pembeni ndani ya kibuyu. Kanga anaomba dua fupi, Nungunungu anakoroga, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anakosea.

Wa kwanza katika foleni alikuwa Kidigi. Mama yake akamwekea tone mdomoni. Halafu tone. Halafu kijiko. Mtoto akameza, gu. Akameza tena, gu, gu. Akafumbua macho, akatafuta kibuyu kiko wapi, akakivuta kwa miguu yote minne, gu, gu, gu, gu, gu. Watu wakasubiri masikio. Masikio hayakudondoka. Wakasubiri tumbo. Tumbo halikupasuka. Wakasubiri tena kidogo, na Kidigi akamkojolea mama yake miguuni, tiririri, mkojo mrefu mzuri.

Mama Digidigi akapiga vigelegele mpaka kilima kikajibu.

"Ondokeni!" akasema Kiboko, amefika anahema. "Nimeoteshwa..."

"Kofia iko wapi, Mheshimiwa?" akauliza Kanga.

Kiboko akajishika kichwa. Hakuna kitu.

"Nimepima..."

"Koti liko wapi, Mheshimiwa?" akauliza Nungunungu.

Kiboko akajishika bega. Hakuna kitu.

"Basi nina meno!"

Nungunungu alikaa ukingoni mwa maji, akageuza mgongo, akasimamisha miiba yote. Kiboko akaitazama ile miiba, akaukumbuka mgongo wake ulioungua.

"Ukitaka kunywa, baba," akasema Mama Digidigi, kwa adabu yake ya siku zote, "mwisho wa foleni ni kule kwa kobe. Ukitaka kuoga, mto uko kule ulikotoka. Haya ni ya kunywa."

Dimbwi likawa la nani?

— Letu!

Kiboko akashika njia ya kurudi mtoni kabla jua halijashuka. Tangu siku hiyo kiboko hushinda ndani ya maji mchana kutwa, ametoa pua, macho na masikio tu. Anaogopa akijitokeza mzima, mtu atamwuliza anayesema ni nani.

Na wanyama je, waliacha kubishana? Thubutu! Kesho yake kina Kanga walisema dua hutangulia, ndipo maji huchemshwa. Kina Nungunungu wakasema maji huchemshwa kwanza, ndipo dua. Wakabishana mpaka saa tisa, ila safari hii walibishana wakiwa wamekunywa, na sauti zilikuwa nzuri zaidi. Wakampelekea Pimbi shauri lao.

"Inategemea," akasema Pimbi.

Wakamrushia vikokoto mpaka akaingia pangoni.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni hili. Msiulize maswali. Mmeona wenyewe, mnyama mkubwa na mheshimiwa aliungua mgongo kwa sababu ya maswali mawili, tena alijiuliza mwenyewe. Mkimkuta mkubwa amelala ndani ya maji yenu, mwacheni alale, mwulizeni tu kama anahitaji kofia ya tatu. Na mkiona mtu amesoma sana, msimsogelee, siku moja anaweza kuwajibu. Dakta Edita anasema funzo lake yeye ni tofauti kidogo, na lina kurasa arobaini. Atakayelitaka aende na kiti.

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imelala!

— Tuifunike?

Ifunikeni. Iliyo tamu gawaneni. Iliyo chungu mrudishieni Dakta Edita, ndiye mwenye mbegu.

Hiyo ndiyo ngano yote. Siku ile aliponisimulia, mwanangu Semeni alikuwa mgongoni kwangu, anaharisha tangu juzi yake. Mama mkwe alikuwa amesema apelekwe kwenye maombi. Wifi alikuwa amesema apelekwe zahanati. Walikuwa hawasemezani, nami nilikuwa nawaitikia wote wawili na kubaki nyumbani. Kesho yake asubuhi nilimgongea mama mkwe, nikamwomba amwombee mtoto hapo hapo mlangoni, kwa kifupi. Akamwombea, mkono wake juu ya kichwa cha Semeni. Kisha nikamwamsha wifi anishikie mwavuli, tukaenda zahanati sote watatu, na mtoto wa nne. Nesi alitupa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari. Nikaikoroga katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, nikakaa kwenye benchi, nikamnywesha kijiko kimoja, nikangoja, nikamnywesha kingine.